Lindo Lisilo na Mpokezi

Siku vita vilipokwisha hakuna aliyeiona. Watu wa Safu walisikia tarumbeta tu, ikalia upande wa ikulu kisha ikanyamaza, na wakubwa wakatangaza kwamba hiyo ndiyo amani. Kuna waliosema ilikuwa mwaka jana. Kuna walioshikilia kwamba ilikuwa leo asubuhi, na kwamba asubuhi yenyewe haijaisha, na hawa hawakuwa wajinga. Tangu tarumbeta ile, jua la nchi hiyo lilipanda mpaka utosini likakaa papo hapo, likisitasita mfano wa mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Kama lilitua, lilitua watu walipofumba macho.

Safu ulikuwa mtaa wa askari. Nyumba zake zilipangwa mistari iliyonyooka, milango yote rangi moja, hata mgeni aliweza kubisha kwa mtu asiye wake akakaribishwa, na asijue mgeni wala mwenyeji mpaka chai iishe. Katika nyumba moja ya mstari wa mwisho aliishi Sikudhani, mke wa Koplo Kazumari, pamoja na mavyaa wake, Bi Somoe. Sikudhani na mumewe hawakujaliwa mtoto. Wanawake hao wawili walikuwa wamemsubiri mtu mmoja kwa muda mrefu, na kusubiri kukawafanya wafanane: walikohoa pamoja, wakaamka pamoja, na gari lilipopita barabarani walinyamaza pamoja.

Kazumari akarudi. Alirudi mzima. Ndilo neno walilolitumia wote, mzima, huku wakimpapasa mabega na kumgeuza viganja. Alikula akashiba. Alimbeba mama yake mgongoni akamzungusha uani, bibi akipiga kelele kwamba atamvunja. Alimwita mkewe kwa lile jina la chumbani ambalo hata mavyaa hakulijua. Sikudhani akaanza kuzoea tena kupika sufuria kubwa.

Ndipo siku moja alipotoka gengeni na fungu la mchicha akamkuta mumewe amesimama mlangoni, kifua mbele, visigino pamoja, mchi wa kutwangia begani.

"Simama! Nani anakuja?"

Sikudhani alicheka. "Nipishe bwana, mchicha unanyauka."

"Nani wewe?"

"Sikudhani."

"Neno la siri."

Kicheko kikamkauka kinywani. Si kwamba macho ya Kazumari yalikuwa makali. Yalikuwa ya adabu kabisa, macho ya mtu anayeifanya kazi yake na asiye na chuki na yeyote, na humo ndani mkewe alijitafuta asijione. Bunduki yake ilikuwa imerudishwa ghalani, pamoja na kofia ya chuma na chupa ya maji. Vyote alivyopewa, ila kombati na buti, alivirudisha. Mikono iliyozoea kuvishika, hiyo hakuna aliyeidai.

Sikudhani alisimama juani. Alisema kila neno lililomjia: amani, mapenzi, nyumbani, tafadhali. Kila neno lilikuwa kosa. Mwishowe dirisha likafunguka kidogo na Bi Somoe akanong'ona, "Mkamwana, sema Ngonyani."

"Ngonyani ni nani, mama?"

"Hata mimi simjui. Nilimsikia mumeo akilitaja peke yake. Nikalisema, akanipisha niende msalani."

"Ngonyani," akasema Sikudhani.

"Rafiki, pita," akasema mumewe, akajisogeza upande kwa heshima zote.

Kesho yake, kama ilikuwa kesho, Ngonyani hakufaa tena. Neno lilikuwa Mapunda. Kisha Shaibu. Kisha Shaibu Mdogo. Bi Somoe, ambaye masikio yake yalikuwa yamebaki mazima kuliko viungo vingine vyote, alikaa nyuma ya mlango akisikiliza midomo ya mwanawe, akipeleka majina dirishani. Baada ya muda hawakuhitaji kuambiwa ni majina ya nani. Wenye majina hayo walikuwa vijana wa kikosi chake, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Ndivyo Sikudhani alivyozoea kuingia nyumbani kwake kwa majina ya marehemu, na kila alipopita alihisi amemkanyaga mtu.

Kazumari hakulala. Alikula amesimama, kijiko mkono mmoja, mchi mkono wa pili. Miguu ikamvimba mpaka ngozi ikang'aa. Majirani walipopita walimwamkia, naye akajibu, nao wakaendelea na safari zao, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake. "Shukuru wako amesimama," jirani wa ukuta mmoja alimwambia Sikudhani bombani. "Wangu alilala siku aliyorudi, hajaamka. Ninamgeuza ubavu nisije nikamzika akiwa hai." Na mwanamke mwingine, akikinga maji, akasema wake anaoga kutwa kucha, sabuni haimtoshi. Wakasemezana hayo kwa sauti ile ile ya kuulizana bei ya dagaa. Kisha wakajitwisha ndoo zao.

Wakubwa hawakuwa wamekaa bure. Mwanzo wa mtaa walikuwa wamejenga Nyumba ya Kusikiliza, wakaipaka chokaa, wakakata utepe, wakaondoka. Humo ndani alikaa mshauri mmoja, Bwana Zefania, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyepelekewa askari wote wa Safu na wake zao na wazazi wao ili awasikilize. Benchi la kungojea lilianzia ndani likatoka nje likapinda kona. Sikudhani alingojea mpaka akasahau alikuja kwa ajili ya nani, akakumbuka, akasahau tena. Zamu yake ilipofika akaeleza yote.

Zefania alisikiliza kweli. Hakumkatiza. Sikudhani alipomaliza, mshauri akasema, "Aje mwenyewe, mama."

"Hawezi kuliacha lindo."

"Nami siwezi kumsikiliza asiyekuja. Hivyo ndivyo nilivyoagizwa."

"Basi nisikilize mimi."

Mshauri alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. "Mama, nikianza na wewe nitamalizia wapi? Tazama benchi lile."

Lakini alikuwa mtu mwenye utu. Aliondoka kitini, jambo alilokatazwa, akafuatana naye. Walipofika mlangoni Kazumari akamsimamisha, naye Zefania akasimama, mikono wazi, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Ndugu yangu, vita vimekwisha."

"Nani kasema?"

"Imetangazwa. Serikali imesema."

"Serikali iko wapi?"

Zefania akatazama kulia na kushoto, kana kwamba huenda ikawa imesimama jirani.

"Mimi niliwekwa hapa na mtu," akasema Kazumari, bila hasira. "Mtu mwenye miguu na jina. Meja Lihundi. Aliniambia: kaa hapa, usimpitishe mtu, mpaka nirudi. Hakusema mpaka tarumbeta. Hakusema mpaka serikali. Akirudi nitashuka."

Zefania akamvuta Sikudhani kando. "Umesikia. Askari hatoki lindoni ila aliyempanga amwondoe, au askari mwenzake ampokee. Mimi si huyu wala si yule. Nenda kamtafute Meja." Akarudi mbio kwenye benchi lake, shati limemganda mgongoni.

Nani mwenye uwezo wa kumaliza vita? Sikudhani alitembea na swali hilo, maana njia ya kwa Meja ilikuwa ndefu na hapakuwa na kitu kingine cha kubeba. Wakubwa huvianza kwa neno moja, na neno hushuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, kila mmoja akimwambia wa chini yake, mpaka limfikie mtu wa mwisho ambaye hana wa kumwambia. Huyo hulimeza. Sasa walio juu wanapobadili neno, hilo jipya litashuka kwa koo lipi, ikiwa lile la kwanza bado limekwama? Wamepiga tarumbeta. Tarumbeta huingia sikioni. Na amri ya Meja haikukaa sikioni, ilikuwa imeteremka ikakaa magotini, ndani ya mfupa, mahali ambapo muziki haufiki.

Katikati ya njia alikutana na harusi. Wanawake walikuwa wakija kwa vigelegele na masanduku vichwani, na kati yao bibi harusi mwenye hina mbichi. Sikudhani akajitenga pembeni awapishe, akamtazama bibi harusi, akaona ni yeye. Ndiye yeye, na kovu la utotoni juu ya nyusi, anapelekwa kwa Kazumari, ambaye wakati ule alikuwa kuruta mwenye masikio makubwa. Bibi harusi naye alimwona mama huyu mwenye vumbi akamwonea huruma, akasimama.

"Shikamoo, mama. Huko utokako kuna mvua?"

Sikudhani alitaka kumwambia. Alikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini akaitazama hina ile, jinsi msichana alivyoishikilia mikono mbali na nguo hina isije ikazitia doa, na maneno yakamgeuka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kuna jua."

"Ahsante, mama," akasema bibi harusi, akaenda zake akifurahi, kwa sababu aliogopa mvua.

Nyumba ya Meja Lihundi ilikuwa kubwa, na maua yalikuwa yamepanda ukutani mpaka paani. Mlangoni alisimama mzee mwenye pajama na mwavuli begani, kifua mbele, visigino pamoja.

"Simama! Nani anakuja?"

Sikudhani alikaa chini palepale barabarani. Ndipo mwanamke mmoja akatoa kichwa nyuma ya nyumba akampungia mkono. "Pitia dirisha la jikoni, mdogo wangu. Sisi sote tunapitia huku siku hizi." Alikuwa Bi Agnetha, mke wa Meja, mtu mnene mwenye makwaruzo ya fremu ya dirisha mikononi.

Alimpa uji. Wakakaa.

"Na yeye nani alimpanga?" Sikudhani aliuliza.

"Brigedia."

"Umekwenda kwa Brigedia?"

"Nimekwenda. Mkewe ana ngazi. Kule dirisha liko juu." Bi Agnetha akaanza kucheka, na Sikudhani naye akacheka, wakashikana mabega wakicheka mpaka uji ukamwagika, na hakuna aliyeona ni wakati gani kicheko kile kilibadilika kikawa kilio.

Sikudhani alipojifuta uso alitoka jikoni akaenda kumkabili Meja kutoka upande wa ndani, nyuma ya mgongo wake. "Afande Meja. Mimi ni mke wa Koplo Kazumari. Nimekuja kukuomba umwondoe lindoni."

"Kazumari amekufa," akasema Meja bila kugeuka. "Nilimwacha darajani, mimi mwenyewe. Nilimwambia nitarudi. Hawakuniruhusu kurudi. Hakuna hata mmoja wa vijana wangu aliyerudi."

"Yuko hai, afande. Amesimama mlangoni kwangu. Anakusubiri wewe."

"Kama yu hai, aje aripoti. Mimi sitoki hapa mpaka vijana wangu wote wapite mlango huu. Nitawahesabu mmoja mmoja."

"Anasema hashuki mpaka uende."

"Mwambie aje."

"Afande, nenda wewe! Ni mwendo wa miguu tu. Ukisimama mbele yake, akakuona, na wewe ukamwona, mtaachana na milango hii nyote wawili!"

Mwavuli ulipanda na kushuka kwa pumzi zake. "Binti yangu," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mzee, si ya Meja, "ningetamani. Mungu anajua ningetamani. Lakini nikitoka, na wao wakaja, watanikuta sipo. Mara ya pili hiyo."

Sikudhani akarudi akiwaza. Njia haikuwa na harusi tena. Aje, alisema mshauri. Aje, anasema Meja. Arudi, anasema Kazumari. Wote wanamwita mtu na hakuna anayeondoka. Mimi ndiye mwenye miguu. Miguu yangu haina cheo. Nimebeba neno la huyu nikampa yule, la yule nimpelekee huyu, na maneno hayakutani. Mwanamke ni njia tu. Njia haifiki mahali, wapitao ndio hufika. Nimechoka. Nani wa kumwambia nimechoka? Benchi limepinda kona.

Alipofika nyuma ya nyumba yake alikuta kombati ya Kazumari bado imeanikwa kwenye kamba, imekauka mpaka imekuwa gamba. Aliitazama. Kisha akaivua kanga, akavaa suruali, akafunga mkanda kwa tundu la mwisho, akavaa buti na kujaza vitambaa vidoleni. Bi Somoe alimwona kupitia dirishani. Aliziba mdomo kwa upande wa ushungi.

Sikudhani akazunguka akaja kwa mbele, akiupiga mguu chini kama alivyowaona wakifanya siku za gwaride.

"Koplo Kazumari!"

"Afande!"

"Nimekuja kukupokea."

Macho yale ya adabu yalimkagua kuanzia buti hadi kola. "Kwa amri ya nani?"

"Ya Meja Lihundi. Amerudi, yu salama. Amesema umemaliza." Uongo ule ulikuwa mwepesi ulipotoka. Aliposikia jinsi mumewe alivyovuta pumzi, ukawa mzito, na hakuweza kuurudisha.

"Amerudi," akasema Kazumari. "Alisema atarudi." Akauteremsha mchi begani, lakini hakumpa. "Pokea taarifa kwanza. Lindo halipokelewi bila taarifa."

"Nipe."

Akasimama wima akaitoa, akitazama juu ya kichwa cha mkewe. "Mbele yako daraja. Kulia mto, kushoto mto. Adui hajaonekana. Jana, jua likiwa hapo lilipo, alikuja mwanamke. Mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Nilisema simama. Nikasema tena. Lugha yangu hakuijua, na mimi yake siijui. Alitabasamu. Nadhani alifikiri namwamkia. Aliendelea kuja. Niliifanya kazi. Mzigo ulikuwa muhogo mkavu. Mtoto alilia, halafu hakulia. Meja alikuja akaniambia, umefanya kazi yako, kijana, kaa hapa, usimpitishe mtu mpaka nirudi. Taarifa imekwisha. Lindo liko salama. Umepokea?"

Hayo ndiyo ambayo Nyumba ya Kusikiliza ilijengwa kuyasikia, na hayakusikiwa na mtu ila mwanamke mmoja ndani ya buti zisizomtosha. Na mwingine: nyuma ya mlango Bi Somoe, mwenye masikio mazima, alikuwa amekaa chini.

"Nimepokea," akasema Sikudhani.

Kazumari akamkabidhi mchi, akapiga saluti, akaingia ndani na kuanguka mkekani na usingizi ukamchukua kabla kichwa hakijafika chini.

Sikudhani alikusudia kusimama kidogo tu, mpaka usingizi ule ukolee, kisha aweke mchi ukutani na kumfunika shuka. Akatazama barabarani. Kwa mbali alikuwa anakuja mwanamke na mzigo kichwani. Pengine alikuwa jirani. Kwa umbali ule hakuweza kujua mzigo ni wa nini, wala kama mgongoni pana mtoto, na alipojaribu kuuweka mchi chini vidole vyake vikamwuliza: na kama asiposimama? Mwanamke alikata kona nyingine akapotea. Vidole havikufunguka. Baadaye mwingine akatokea. Jua lilikuwa utosini.

Huko ndani Kazumari alilala usingizi wa mtoto mchanga. Miguu yake ikanywea. Bi Somoe alimkanda kwa maji ya chumvi, akamfukuzia nzi, akatoka akasimama nyuma ya Sikudhani.

"Mkamwana, ingia sasa. Amelala."

"Naja, mama."

"Nimeinjika wali. Ingia ule."

"Naja. Wacha huyu apite kwanza."

Bi Somoe akachungulia barabarani. Hapakuwa na mtu.

Ikafika wakati Kazumari akaamka. Alinawa uso, akachana nywele, akatafuta shati safi. Alipotoka, uso wake ulikuwa ule wa zamani, uso wa kuruta mwenye masikio makubwa, na moyo wa Sikudhani ukaruka ndani ya kombati. Kazumari akasimama mbele yake, mguu sawa.

"Afande, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya wapi?"

"Nyumbani, afande. Lindo nimelitoa salama. Nina mke." Akatabasamu kwa haya. "Anaitwa Sikudhani. Amenisubiri sana."

Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Sikudhani alifungua mdomo aseme ni mimi. Lakini mimi gani? Yule aliyevaa kanga alikuwa amemvua mwenyewe nyuma ya nyumba, na mwenye buti huyu, akijitaja, angeufichua uongo wake: Meja hakurudi, na lindo halikuwa limepokelewa. Neno moja, na mumewe angerudi kwenye mchi.

"Yuko nyumbani," akasema. "Anakungoja. Ruhusa."

"Ahsante, afande." Akapiga saluti, akashuka barazani, akashika njia kuelekea asikokujua, akipiga mluzi.

"Kazumari!" Sikudhani akaita kwa sauti ya mke, si ya afande, kisha kwa jina alilozoea kumwita chumbani. Yeye akainua mkono bila kugeuka, kama mtu anavyowaaga wenzake wa kambini.

Bi Somoe alikuwa ameshatoka. Alikusanya ushungi, akaburuta ndara zake mbio mbio za kizee mpaka akamfikia mwanawe, akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, bibi. Unaijua njia?"

Bibi akasita. Aligeuka akautazama mlango wa mstari wa mwisho, uliofanana na milango yote, na mtu aliyesimama mbele yake. "Twende," akasema. "Tutauliza mbele." Akampa mkono wake mwingine pia. Wakaenda, yeye akirusha miguu, kijana akipunguza hatua ili mzee asichoke, wakawa wadogo katika ule mwanga usiosogea.

Sikudhani akainua mguu awafuate. Mguu ulipanda, ukabaki juu, ukarudi chini palepale, kisigino kwa kisigino. Akajaribu wa pili. Ndipo harufu ikamfikia kutoka jikoni: wali umekauka maji, unaungua. Ulianza kunukia, ukanuka, moshi ukapita juu ya bega lake ukatangulia barabarani. Alijua sufuria ni ile kubwa. Alijua ni hatua chache. Lakini mlinzi hutazama nje, na kwa mbali, upande ule ule walikopotelea wawili wale, mtu alikuwa anakuja.